Kuegemeza miche ya miti iliyopandwa karibuni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huletwa kitaluni kila mwaka mvua zikishakatika na upepo ukaanza. Majibu yanahusu zaidi miti ya matunda na ya kivuli inayopandwa Tanzania na Kenya, shambani na kwenye viwanja vya mjini.

Je, kila mche ninaopanda ni lazima niuwekee kigingi?

Hapana. Mingi haihitaji, na hili watu hawapendi kulisikia, kwa sababu kigingi humpa mtu amani kwamba amefanya kazi yote. Mche usiovuka kiuno, uliotoka kwenye kiriba cha kawaida na shina lake likiwa gumu, husimama wenyewe. Grevilea za mpakani, mwarobaini, mvinje, mkorosho na mnazi huwa havihitaji msaada wowote ikiwa vimepandwa vizuri.

Unaohitaji ni mche uliokaa kitaluni kupita kiasi ukarefuka bila kunenepa, wenye majani mengi juu na mizizi michache chini, au uliopandwa mahali pa wazi ambapo upepo haukatizwi na nyumba wala ua. Ile miashoki ya mita mbili na zaidi inayouzwa kando ya barabara Dar es Salaam na Nairobi iko humu. Miche ya kubebeshwa nayo mara nyingine huhitaji, hasa ile ambayo kikonyo chake (kile kipande cha mti bora kilichounganishwa juu) kimekua haraka kuliko shina lililokibeba.

Kama una shaka, fanya hivi baada ya kupanda na kumwagilia. Sukuma mche taratibu kwa kiganja, kisha uachie. Ukirudi wima, uache. Ukibaki umelala, soma kuendelea.

Nimesikia kigingi kinaweza kudhoofisha mti. Inawezekanaje, wakati kinausaidia?

Inawezekana kabisa, na si habari mpya. Mwaka 1803 Mwingereza Thomas Andrew Knight alieleza majaribio aliyofanya kwa mitufaa michanga. Mingine aliifunga isitikisike na mingine akaiacha ichezeshwe na upepo. Iliyoachwa ilinenepa shina kuliko iliyofungwa. Mti mmoja uliopewa nafasi ya kuyumba pande mbili tu ulinenepa zaidi kuelekea pande hizo mbili, shina likawa si duara tena. Mwaka 1973 mtaalamu wa mimea Mordecai Jaffe alionyesha jambo la aina hiyo kwa mimea midogo: iliyopapaswa mara kwa mara ilikua mifupi na minene kuliko iliyoachwa bila kuguswa.

Shina linapoyumba, mmea huongeza unene sehemu ya chini na mizizi hujikaza. Shina lililofungwa kabisa halina sababu ya kufanya hivyo, kwa hiyo chakula huenda kwenye urefu. Baada ya mwaka mmoja una mti mrefu, mwembamba chini, wenye kichwa kikubwa juu. Siku unapokata kamba, mti unalala, nawe unaamua kwamba bado unahitaji kigingi. Hapo ndipo watu wanaponaswa, na nimeona miembe ya miaka minne bado imefungwa kwa sababu hiyo tu.

Lakini wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Si ndivyo na mti?

Kwa umbo, sawa: tawi bichi linapinda na kuelekezwa. Kwa nguvu, hapana. Shina halipati nguvu kwa kushikiliwa.

Kigingi kichomekwe kabla ya kupanda au baada?

Kabla, kila inapowezekana. Chimba shimo lako (kwa miti ya matunda wengi huchimba sentimita 60 kwa 60 na kina hichohicho), kisha pigilia kigingi ndani ya shimo likiwa bado tupu, mpaka kiingie kwenye udongo mgumu ambao jembe halikuufikia. Kigingi kilichosimama kwenye udongo uliolegezwa tu kitayumba pamoja na mche, na hapo utakuwa umefunga mgonjwa kwa mgonjwa. Ndipo uweke mche pembeni yake, urudishie udongo, ushindilie kwa mguu kwa kiasi na umwagilie.

Ikiwa mche umeshapandwa, usipigilie kigingi kikiwa kimegusa shina, maana utapasua bonge la udongo na kukata mizizi ambayo ndiyo kwanza inaanza. Kaa nje ya bonge hilo, sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye shina kwa mche wa kiriba cha kawaida, na mbali zaidi kwa miti iliyotoka kwenye ndoo au viriba vikubwa. Njia nyingine ni kupigilia kigingi kikiwa kimelala, karibu nyuzi 45, kichwa chake kikielekea upepo unakotoka. Ncha yake itaingia ardhini mbali na mizizi, na kitakutana na shina pale tu unapofunga.

Kigingi kikae upande upi wa mche?

Upande upepo unakotoka. Ukivuma, mche unasukumwa kwenda mbali na kigingi na kamba inaudaka. Ukikiweka upande wa pili, kila upepo utaugonga mche kwenye mti mkavu, na baada ya miezi miwili gome limechubuka.

Sasa, upepo gani? Pwani jibu ni rahisi kwa sababu msimu na upepo vinafuatana. Ukipanda masika, upepo utakaokupata mche ukiwa bado mchanga ni kusi, unaotoka kusini-mashariki na kushika kasi kuanzia Juni. Ukipanda vuli, kinachofuata ni kaskazi, kuanzia Desemba hivi hadi Machi, kutoka kaskazini-mashariki. Kwa hiyo mche wa masika na mche wa vuli, hata kwenye kiwanja kimoja, vigingi vyake havikai upande mmoja. Dodoma na Singida mvua ni ya msimu mmoja, na kiangazi chake ni kirefu chenye upepo wa mashariki na kusini-mashariki, kwa hiyo huko elekeza kigingi mashariki. Milimani, bonde lenyewe ndilo linaloamua. Tazama miti mikubwa iliyopo, matawi yake yamelala kuelekea wapi, kisha weka kigingi upande wa pili.

Mjini usifuate dira. Uchochoro kati ya ghorofa mbili una upepo wake wenyewe.

Kigingi kimoja kinatosha, au viwili, au vitatu?

Kwa mche wa kawaida wa shambani, kimoja. Kwa mti mrefu ulionunuliwa ukiwa mkubwa, viwili, kimoja kila upande, mstari wao ukikata njia ya upepo. Kila kigingi kiwe na kamba yake. Watu hufunga kamba moja kuzunguka vyote, halafu mti unateleza ndani yake huku na huku.

Vitatu ni kwa miti mizito au mahali penye watu wengi: shule, kituo cha basi, ukingo wa uwanja wa mpira. Hapo vigingi vinalinda shina dhidi ya watoto na pikipiki kuliko vinavyolishikilia.

Nifunge kwenye kimo gani?

Chini kuliko unavyodhani. Shika shina kwa vidole viwili karibu na udongo, uone kama sehemu ya juu inalala. Pandisha vidole polepole, ukilisukuma na kuliachia kila unapofika, mpaka ufike mahali ambapo ukiachia kilele kinarudi wima chenyewe. Hapo ongeza kama sentimita 15, ndipo mahali pa kufunga. Kwa miche mingi utajikuta upo kwenye theluthi ya chini ya mti, pengine nusu. Juu ya hapo acha kichwa kicheze.

Kata kigingi kiishie hapo hapo kwenye kamba au juu yake kidogo. Kigingi kinachozidi kinagombana na matawi usiku kucha wakati wa upepo.

Nitumie kamba gani, na nifungeje?

Iliyo pana na laini. Mpira wa ndani wa baiskeli uliochakaa ndio bora kuliko vyote: fundi baiskeli anakupa bure au kwa bei ya soda, unaukata vipande vya upana wa vidole viwili, nao unavutika shina linaponenepa. Vipande vya kanga au kitenge kilichochakaa vinafaa kwa msimu mmoja.

Kilimanjaro na Kagera watu hutumia kamba za mgomba uliokauka, na ni busara kubwa, kwa sababu hata ukisahau, mvua na jua vitaikata kabla haijaudhuru mti. Katani na kamba za makumbi zina nguvu lakini zinakwaruza, na zikilowa zinakaza, kwa hiyo zungushia shina kitambaa kwanza. Manila na nailoni nyembamba tuachie wavuvi. Waya, hata ukiupitisha ndani ya kipande cha bomba la maji, mimi siutaki kabisa. Bomba hupasuka kwa jua, nao waya hubaki.

Ufungaji ni wa namba nane. Zungusha kamba kwenye shina, ipishanishe katikati ya shina na kigingi, kisha izungushe kigingi na fundo likae kwenye kigingi, kamwe lisikae kwenye shina. Pale inapopishana panakuwa kama mto unaozuia shina lisiguse kigingi. Piga msumari mdogo kwenye kigingi ili kamba isiteleze chini. Mwisho ingiza vidole viwili kati ya kamba na shina. Visipoingia, umekaza mno.

Fito za mti gani zinafaa?

Fito kavu ya mkaratusi au mianzi, yenye unene wa kidole gumba kwa mche mdogo na wa mpini wa jembe kwa mti mrefu. Menya magome, kwa kuwa mchwa huanzia hapo. Ncha inayoingia ardhini waweza kuibabua kidogo kwenye moto. Kuna wanaopaka oili chafu ya gari. Inafukuza mchwa kweli, lakini unaiweka kwenye udongo ambao mche wako unaunywea, kwa hiyo mimi naona bora kigingi kiliwe na mchwa baada ya mwaka. Wakati huo hakitakiwi tena.

Jihadhari na fito mbichi. Glirisidia, mlonge, mbono kaburi na minyaa hushika mizizi zikichomekwa tu ardhini, ndiyo maana watu huzitumia kwa ua. Ukizifanya kigingi, baada ya mvua mbili una miti miwili kwenye shimo moja, na uliochomeka ndio unaokua kasi. Minyaa ina tatizo jingine: utomvu wake ukiingia machoni unaunguza vibaya.

Nondo? Inakwaruza, inapata moto juani, na mjini haimalizi wiki bila kuibwa.

Mche wangu wa kubebeshwa umekuja na kijiti na utepe wa nailoni. Niviache?

Kijiti kile kiliwekwa ili mche usafiri vizuri na usimame kitaluni. Kiondoe siku ya kupanda. Kama mche unalala bila hicho, weka kigingi cha kweli kama ilivyoelezwa juu, maana kijiti cha unene wa penseli kilichofungwa sehemu tano kuanzia chini mpaka juu kinafanya lilelile kosa la kuzuia shina lisiyumbe hata kidogo.

Utepe wa nailoni kwenye kiungo ni jambo zito zaidi. Kazi yake ni kushikilia kikonyo mpaka kiungane na shina. Kikishaungana, ukaanza kuona uvimbe mdogo juu na chini ya utepe, ufungue kwa wembe, ukipasua upande wa pili wa kiungo. Miembe na miparachichi mingi inayokatika pale kwenye kiungo ikiwa na mwaka mmoja au miwili hukatwa na utepe huo uliosahaulika, na lawama huenda kwa upepo. Ukifika hapo, vunja pia maotea yote yanayochipua chini ya kiungo. Hayo ni ya mti wa kienyeji uliobeba, na ukiyaacha yatashinda.

Kamba ya kigingi isikae kwenye kiungo. Funga juu yake, sentimita 10 au zaidi.

Nimefunga vizuri lakini mche unayumba kuanzia chini kabisa, ndani ya udongo. Tatizo nini?

Tatizo haliko kwenye kigingi. Chimba kidogo pembeni utazame.

Mara nyingi utakuta kiriba. Mtu amepanda mche pamoja na nailoni yake, au ametoboa kitako tu akadhani mizizi itatafuta njia. Kiriba kinavuliwa chote. Mara nyingine kiriba kimetolewa lakini mizizi ilishajizungusha ndani yake miezi mingi, na sasa inaendelea kujizungusha kwenye shimo. Mti wa namna hiyo unaweza kuishi miaka kadhaa ukiwa na majani mazuri, kisha ukang'oka wima na bonge lenye umbo la kiriba. Kabla ya kupanda, kata sentimita moja au mbili za kitako cha bonge kwa kisu kikali, na upasue pande zake mbili au tatu kutoka juu hadi chini. Unaogopa kukata mizizi? Ile iliyopinda kitakoni haikusaidii chochote.

Sababu nyingine ni udongo usioshindiliwa ukaacha mapango, au shimo lililojazwa samadi mbichi nyingi ambayo imeoza na kushuka. Ongeza udongo, kanyaga, mwagilia, kisha ongeza tena.

Parachichi linahitaji uangalizi wa pekee?

Ndiyo. Mizizi mingi ya parachichi inayofyonza maji na chakula ipo juu juu, ndani ya sentimita 30 hivi za kwanza, na mbao yake ni laini, inakatika kirahisi. Kwa hiyo kigingi kinachopigiliwa baadaye kina nafasi kubwa ya kuumiza, na mche unaoyumba chini hukata mizizi yake mwenyewe kila siku. Njombe na Rungwe, wanakopanda parachichi la aina ya Hass kwenye miteremko yenye upepo, kigingi kabla ya kupanda na matandazo ya kutosha (yasiguse shina) ni kawaida ya kufaa kuigwa.

Tena parachichi likiinama, gome la upande unaotazama juu linaungua na jua na kupasuka. Ndiyo maana ukiona wenzako wamepaka mashina chokaa nyeupe, si mapambo.

Na migomba na mipapai?

Mgomba huegemezwa kwa sababu ya uzito wa mkungu, si kwa sababu ya uchanga. Tumia mti wenye panda, mmoja au miwili iliyopishana, chini ya shingo ya mkungu upande unakolala. Usifunge kwa kukaza. Mpapai hauhitaji kigingi isipokuwa umezaa kupita kiasi mahali pa upepo.

Vigingi vitawazuia mbuzi?

Hata kidogo. Mbuzi anasimama juu yake. Zungushia miiba ya migunga, au vigingi vinne na wavu, mbali na shina kuliko shingo yake inavyofika.

Ni lini niondoe kigingi?

Kwa miche mingi huku kwetu, kati ya miezi sita na mwaka. Miti yetu inakua mwaka mzima mahali penye maji, na vile vipindi vya miaka miwili mitatu unavyosoma ni vya nchi zenye baridi kali.

Fungua kamba siku isiyo na upepo, sukuma shina kwa mkono, na usitazame juu: tazama udongo kwenye kitako. Udongo ukipasuka au ukanyanyuka, mizizi bado, funga tena kwa kulegeza. Udongo ukitulia na shina pekee likapinda na kurudi, ng'oa. Usichague wiki ambayo upepo wa msimu unaanza. Subiri upungue, mti upate miezi michache ya kujizoesha.

Katikati hapo kagua kamba kila mwezi au miwili. Kwa kweli hili ndilo ningependa lisemwe kwenye kampeni za upandaji. Tarehe 13 Novemba 2023 serikali ya Kenya ilitoa siku nzima ya mapumziko ili watu wapande miti, na jambo lilikuwa jema. Ila kupanda ni kazi ya siku moja, na kulegeza kamba ni ya mtu anayerudi. Ikiwa unapanda mahali ambapo unajua hutarudi, panda miche mifupi isiyohitaji kigingi. Ukilazimika kufunga, funga kwa kamba ya mgomba.

Kamba imeshazama ndani ya shina. Niivute?

Usivute. Kata fundo na sehemu zote unazoziona, toa kinachotoka kwa urahisi, na kilichomezwa kiache humo. Ukivuta unalichana gome zima, nalo ndilo lililobaki linapitisha chakula kutoka kwenye majani kwenda mizizini. Uvimbe unaouona juu ya kamba ni chakula hicho kilichozuiwa njiani. Kama kamba imebana nusu tu ya shina, mti mchanga huwa unapona. Ikiwa imezunguka shina lote na majani yameanza kuwa manjano na madogo, anza kuandaa mche mwingine. Shina hilo litakatikia hapo.

Upepo umelaza mti uliokuwa umesimama vizuri. Utainuka?

Inategemea umelala tangu lini. Ukiukuta siku hiyo hiyo au kesho yake, funika kwanza mizizi iliyo nje kwa gunia lililolowa. Ondoa udongo uliojaa upande ulionyanyuka, maana ukiuacha mti hautakaa chini. Mwagilia, inua polepole mkishika watu wawili, mmoja chini kwenye shina na mwingine juu, kisha rudishia udongo na kushindilia. Hapa kigingi ni lazima, viwili ikiwezekana, kwa miezi kama ya mche mpya. Punguza matawi machache ya juu ili upepo usipate pa kushika.

Ukiwa umelala kwa miezi na kilele kimeshapinda kurudi juu, usiulazimishe. Mizizi imeshazoea mkao huo. Kata matawi ya upande unaolemea, acha yale ya upande wa pili yakue, na mti wenyewe utarekebisha uzito wake. Utabaki na goti chini. Kwa mwembe, hakuna mnunuzi wa maembe atakayeliuliza.